STAA ALIACHA CHAMBO 11 KWENYE MIKOKO YA KIJICHI, VINNE BADO VIMO! (Na jibu kwa wote mlioniuliza mnunue ndoana gani)

Leo sina habari ya nani kaachana na nani, hiyo subirini Ijumaa. Leo naongelea uvuvi. Kabla hujafunga ukurasa nakuomba uvumilie kidogo, maana staa yumo, kiki imo, na damu kidogo pia imo.

Mmeona wenyewe mtindo wa mjini siku hizi. Msanii akipata hela na wikiendi ikafika, anaposti yuko majini, miwani ya jua usoni, fimbo ya kuvulia mkononi, tabasamu hadi jino la mwisho. Zamani ilikuwa gari, ikaja saa, sasa zamu ya samaki. Na nyie wadau mkiona mnataka. Inboksi yangu imejaa ujumbe wa aina moja: "Kaka, na mimi nataka kuanza, ninunue nini?" Wengi mnakaa karibu na mikoko, kuna wa Kunduchi, wa Mbweni na Ununio, kuna wenzangu wa huku Mtoni na Kijichi. Boti hamna, ila mikoko mnaifikia kwa miguu.

Nitawajibu, ila kwa kirefu, kwa sababu mikokoni sio sawa na kutupa mshipi kwenye bahari wazi. Kule kifaa kibaya kinakukosesha samaki tu. Mikokoni kifaa kibaya kinabaki pale pale kikimsubiri mtu mwingine.

Mimi ni mtoto wa Temeke, nimekulia Kijichi. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo ya kawaida tu, na miaka yote niliyozunguka na bahasha ya kaki kutafuta kazi, mshipi ndio uliokuwa unalipa kodi ya chumba. Blogu inanipa jina, tewa ananipa unga. Kwa hiyo ninachoandika hapa sijakitoa YouTube. Nimekitoa kwenye mizizi, na kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu ambaye amevua mkono ule wa bahari tangu kabla mimi sijazaliwa.

STAA MWENYEWE

Jina kapuni. Msianze kubahatisha kwenye komenti, na sababu ya kumficha mtaiona mbele. Ni msanii, mnamjua, nyimbo zake mmezicheza kwenye harusi.

Alikuja asubuhi moja na vijana wanne, mmoja wa kamera, mmoja wa kushika mwamvuli. Alikuwa na fimbo ndefu nyembamba, rili inayong'aa, na boksi la plastiki lenye vyumba vyumba. Alipolifungua, kiukweli hata sisi tulivutiwa. Samaki wa bandia wa kila rangi, wamechorwa macho na magamba, kila mmoja ana ndoana mbili tumboni, na kila ndoana ina ncha tatu. Ukihesabu vizuri, chambo kimoja ni ncha 6.

Alimsalimia mzee kwa heshima zote, "Shikamoo mzee wangu," akajibiwa "Marahaba mwanangu." Mzee akachungulia boksi, akauliza swali moja tu: "Hivi vitaingia, vitatokaje?"

Yule kijana wa kamera akacheka. Staa akasema, "Mzee, hizi ni za kisasa." Mzee akanyamaza. Wazee wa pwani wakinyamaza namna ile, ujue mjadala umeisha upande wao.

Ikawa kama ilivyokuwa. Tupa ya kwanza chambo kikaingia katikati ya mizizi ya mkoko kikashika. Akavuta, uzi ukakatika. Tupa ya pili ikaumwa! Tewa alikula kweli, fimbo ikapinda kama upinde, kamera ikasogea. Sekunde mbili tu, tewa akageuka akaingia ndani, uzi ukakatika. Na ikaendelea hivyo hadi maji yalipopwa. Jumla, chambo 11. Mwenyewe alisema bei ya vile vitu, sitaitaja, ila mama yangu angeisikia angekaa chini.

Kuna jambo lilitokea katikati ambalo ndio lilinifanya nimwangalie mzee kwa jicho lingine. Meneja wa staa alimwambia mzee atafute panga, wakate ile mizizi watoe chambo, hela ipo. Akataja kiasi. Pale mtaani kiasi kile ni cha kufikiria. Mzee akasema, "Kijana, mkoko haukatwi bila kibali, hiyo ni sheria. Na hata isingekuwa sheria, unakata nyumba ili upate funguo?" Hapakuwa na panga siku ile.

Jioni nikafungua simu, staa kaposti picha kashika tewa mkubwa. Laiki hazihesabiki. Tewa yule ni wa mzee, aliuziwa. Sasa hiyo ndio kiki yenyewe, na tungeishia hapo tukacheka.

HATUKUCHEKA SANA

Siku kadhaa baadaye, mtoto wa jirani yetu, wa darasa la tatu, alikwenda kutafuta kaa kama wanavyokwenda watoto wote wa kule, peku. Alirudi amebebwa. Ndoana ya ncha tatu imeingia kwenye unyayo, ncha moja imezama yote, na kile kisamaki cha rangi kinaning'inia kama pambo.

Wadau, kile kijino cha ndoana kinachomzuia samaki asichomoke ndicho hicho hicho kinachomzuia binadamu. Hakivutiki kurudi kilikotoka. Mama yake alitaka kuvuta, mzee akamshika mkono. Alipelekwa zahanati, wakamtoa kwa ganzi, wakampiga sindano ya pepopunda. Alipona. Ila wiki tatu hakukanyaga vizuri, na mama yake anauza vitumbua barabarani asubuhi, mtoto ndiye anayembebea ndoo. Hesabu mwenyewe.

Ndio maana nikikuambia "nunua hiki, acha kile", sio ubishoo wa wavuvi. Sasa twende kwenye somo.

KULA NI RAHISI, KUTOKA NDIO KAZI

Tewa, wengine mnamwita chewa, sio samaki wa mbio ndefu kama nguru. Anakaa. Anajificha kwenye kivuli cha mzizi, mdomo mkubwa, rangi inafanana na tope. Kitu kikipita mbele yake anaruka mara moja, anameza, na hapo hapo anageuka kurudi shimoni kwake. Ndio tabia yake yote hiyo. Kumfanya ale sio kazi kubwa. Staa wetu aliliwa zaidi ya mara moja! Kazi ni zile sekunde mbili baada ya kula.

Kwa hiyo unapochagua kifaa cha mikokoni, usijiulize "samaki atakipenda?" Jiulize swali la mzee: kitaingiaje, na kitatokaje.

Nilipoanza kusoma soma mtandaoni nikakuta Wamarekani wana ugonjwa huo huo. Wana samaki wao wa maji baridi anaitwa bass, anakaa kwenye majani mazito ya ziwani na chini ya magogo, na anavizia vile vile kama tewa. Hata Kiingereza chenyewe samaki wa ukoo wa tewa kinawaita bass wa baharini. Na sio samaki wa mbali sana kwetu, bass wapo Kenya, Ziwa Naivasha, walipandikizwa enzi za Waingereza. Wenzetu wamegeuza uvuvi wake kuwa ligi zenye zawadi za mamilioni, ndio maana wamefikiria mpaka mwisho. Nilichopenda ni kwamba walikofika wao, mzee wa Kijichi alishafika kwa njia yake.

KWANZA, UZI

Watu wengi wanapima uzi kwa uzito wa samaki. Unasikia mtu anasema, "Mimi navua samaki wa kilo 2, uzi wa kilo 5 unatosha." Baharini wazi sawa. Mikokoni hapana.

Chukua mfano wa hao bass. Rekodi ya dunia iliwekwa mwaka 1932 na George Perry wa jimbo la Georgia, samaki wa kilo 10 na kidogo. Imepita miaka 77 ndipo Manabu Kurita wa Japani akapata anayelingana naye, Ziwa Biwa, mwaka 2009. Yaani samaki mkubwa kabisa ni kilo 10, na wengi wanaovuliwa hawafiki hata kilo 3. Sasa kwenye majani mazito wale jamaa wanafunga uzi wa paundi 50 hadi 65, ambazo ni kama kilo 23 hadi 29. Wamechanganyikiwa? Hapana. Uzi haumvuti samaki peke yake, unavuta na majani yote aliyojizungushia, na unatakiwa umgeuze kichwa kabla hajafika ndani.

Mzee wetu hajui paundi. Anachukua nailoni dukani, anaivuta kwa mikono miwili, ikimkata kiganja kabla haijakatika anasema "hii inafaa". Ile ya staa aliikata kwa vidole.

Lakini hapa kuna tofauti moja kubwa, ishikeni. Wale Wamarekani wanatumia uzi wa kusuka, ule laini kama wa kushonea. Hauvutiki kama lastiki, ukistua samaki anasikia saa hiyo hiyo, na kwenye majani unapita kama kisu. Mizizi yetu ya mkoko sio majani. Imejaa chaza, na chaza ni wembe. Uzi wa kusuka ukiguswa na chaza huku umekaza, umekwisha. Kwa hiyo kama una rili na uzi wa kusuka, funga mbele yake kipande cha nailoni nene, urefu wa pima moja hivi, hicho ndicho kigusane na mizizi. Na kila ukitoa samaki mmoja, pitisha vidole kwenye hicho kipande. Ukisikia mikwaruzo, kata, funga upya. Uvivu wa dakika mbili unakula samaki wa elfu nyingi.

Kama huna rili, mshipi wa mkono unatosha kabisa, wengi wetu ndio tunatumia. Vaa kwenye vidole vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Tewa wa kilo 4 akikuvuta ghafla na nailoni imezunguka kidole kitupu, utakuja kunitukana kwenye komenti.

PILI, NDOANA

Hapa ndio staa alipoumia zaidi. Ndoana ya ncha tatu ina pande tatu za kushika, na mikokoni vitu vya kushikwa ni mizizi 1,000 na samaki mmoja. Piga hesabu nani atashikwa kwanza.

Nisieleweke vibaya, vile visamaki vya bandia sio takataka. Mfini Lauri Rapala alichonga cha kwake cha kwanza mwaka 1936, mvuvi tu wa kawaida, hana shule kubwa, na vikaenda dunia nzima kwa sababu vinavua kweli. Lakini alikuwa anavikokota nyuma ya mtumbwi wake ziwani, kwenye maji wazi. Huko kwetu kazi hiyo inaitwa kurambaza, na ukienda kurambaza nje kutafuta kolekole au nguru, chukua visamaki vyako ubarikiwe. Mikokoni viache nyumbani.

Mikokoni ndoana iwe moja, ncha moja, nene isiyonyooka. Dukani muulize mwenye duka namba, na ukumbuke namba ikishuka ndoana inakuwa kubwa, wageni wengi wanachanganya hapo.

Halafu, ncha isikae wazi. Hii ndio siri yenyewe. Mzee anachukua kamba mbichi, anapitisha ndoana kwenye mkia, anaizungusha, ncha anaificha ndani ya nyama. Ukipapasa hausikii kitu. Inapita kwenye mizizi inateleza, tewa akibana mdomo nyama inapasuka, ncha inatoka, imemshika yeye. Ukikosa kamba, kipande cha ngisi kinafanya kazi hiyo hiyo, tena ngisi ni mgumu, vidagaa havimmalizi haraka.

Wamarekani wanafanya jambo lile lile na mnyoo wa plastiki laini. Mtu na mkewe wa mji wa Akron, Ohio, akina Creme, walianza kuutengeneza mwaka 1949, na baadaye wavuvi wakagundua kuuchoma mnyoo na kuficha ncha ndani ya mwili wake ili upenye kwenye majani bila kunasa. Leo wanayo mafunzo mazima ya namna ya kuficha ncha. Wamekutana na mzee wetu njiani bila kujuana.

Kwa wadau wa Mwanza na Ziwa Victoria mnaohangaika na magugu maji tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kuna chambo kingine cha kuwafaa, chura wa mpira. Ndani yuko tupu kama puto, ndoana mbili zimelala mgongoni, ncha zimejificha kwenye mwili. Unamburuza juu ya majani hashiki popote. Samaki akimbana, mpira unabonyea na ncha zinatokeza. Mikokoni sijamtumia, kwa hiyo sitawadanganya.

TATU, CHUBWI

Chubwi kubwa mikokoni ni nanga, sio chubwi. Weka ndogo kadiri maji yanavyokuruhusu. Na uifunge kwa kiuzi chembamba cha pembeni, dhaifu kuliko mshipi wenyewe. Ikikwama, unavuta, kiuzi kinakatika, umepoteza chubwi tu, ndoana na samaki vinarudi. Mzee hatumii risasi kabisa, anafunga kijiwe. Kijiwe kikibaki baharini hakuna aliyedhurika, kilitoka huko huko.

NNE, FIMBO NA MAHALI PA KUSIMAMA

Fimbo ndefu laini ni tamu kwenye picha kwa sababu inapinda. Lakini wakati inapinda tewa anatembea, na akitembea anakwenda nyumbani kwake. Kama unanunua fimbo kwa kazi hii, chukua fupi, ngumu, na breki ya rili uibane. Mikokoni hakuna cha "mwache akimbie achoke". Akikimbia umempa nyumba.

Mahali ndio nusu ya kazi. Usitupe katikati ya mizizi, tupa pembeni yake, tewa atatoka mwenyewe kufuata. Na usimame ambapo ukivuta, samaki anakuja moja kwa moja kwenye maji wazi, sio unamkwangua kando ya mizizi yote. Staa alisimama penye mwanga mzuri wa kamera. Mzee alisimama penye tope, ila mbele yake pana mlango.

Wakati mzuri ni maji yanapoanza kupwa. Maji yakijaa, hasa siku za bamvua, kila kitu kinaingia ndani ya mikoko, kamba, vidagaa, kaa wadogo, na samaki wanawafuata. Yakianza kutoka, vyote vinabanwa kutokea kwenye vimifereji. Kaa mdomoni mwa mfereji. Tewa naye yupo hapo hapo, anasubiri kama wewe.

Na muwe na akili na mipaka. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu mwaka 1975, msiende na ndoana. Msikate mkoko kwa sababu ya chambo. Kile kivuli cha mizizi ndicho kinachomleta tewa. Ukikata, mwakani utakuwa unavua tope.

KWA NINI JINA KAPUNI

Baada ya mtoto kuumia, mimi nilitaka kumwanika. Nilikuwa na picha za asubuhi ile, nilikuwa na ile picha ya tewa wa kununua, kichwa cha habari nilishakiandika. Mzee akaniambia, "Mwanangu, kwanza mpe habari. Asipokuja ndio useme."

Nilimtumia ujumbe na picha ya ule mguu. Nikajua hatajibu, wasanii wetu mnawajua, ukimtumia kitu kisicho na sifa anakupita kama hakukuona.

Alijibu usiku ule ule. Asubuhi aliyofuata maji yakiwa yamepwa, akaja. Hakuwa na kamera, hakuwa na mwamvuli, alikuja na buti za mpira na yule meneja wake mwenye hela za panga. Kwanza alikwenda kwa mama wa mtoto, akakaa kwenye mkeka, akaomba radhi, na walichoongea zaidi ya hapo ni chao. Halafu tukaingia mikokoni watu sita, tunainama mzizi kwa mzizi, tope magotini, mbu masikioni. Tulitafuta mpaka maji yakaanza kurudi kutufukuza.

Tulipata sita. Kile cha mguuni ni cha saba. Vinne hatukuviona.

Wakati tunaosha miguu, staa alimuuliza mzee, "Mzee wangu, ungeniambia tu siku ile." Mzee akamjibu, "Nilikuuliza, hukunijibu." Wote tukatazama chini.

Mtu aliyerudi tope likamfika magotini bila kuposti hata sekunde moja, mimi jina lake siliuzi kwa laiki. Mkimhisi, mhisini kimya kimya.

KWA MWENYE HELA KIDOGO

Wale mnaotaka jibu fupi, hili hapa. Ukiwa na hela ndogo, usianze na fimbo. Nunua nailoni nene, kata vipande vya mshipi wa mkono. Nunua ndoana za ncha moja, nene, tano zinatosha. Kabla hujaenda, chukua plaizi ubonyeze kile kijino kilale. Utapoteza samaki mmoja mmoja kama ukilegeza mshipi, lakini siku ndoana ikiingia kwenye kidole chako au cha mwanao itatoka ilikoingilia. Kamba wa chambo utawapata kwa wavuvi wenyewe. Vipande vya mpira wa baiskeli nenda kwa fundi, atakupa bure. Viatu vaa, hata kandambili ngumu sio kiatu.

Ukibaki na hela, ndio ufikirie rili. Ukibaki na nyingi kabisa, nunua visamaki vya rangi, uviweke kabatini, ni vizuri kwa macho.

Na ukikata uzi mikokoni, hesabu. Andika hata kwenye simu, nimeacha kimoja, karibu na mti gani. Maji yakipwa rudi ukitafute. Tuna watoto kule, tuna kina mama wanaotafuta kaa, tuna wenzetu wanaopita usiku.

Kwa majirani zangu wa Kijichi: vile vinne bado vimo, upande wa mikoko mikubwa unapoteremkia mtumbwi. Ni ncha 24. Kimoja cha bluu na fedha, kimoja cha kijani, viwili vyekundu mgongoni. Ukikiona usikishike kwa pupa, kata uzi kwa mbali, kichukue kwa plaizi, na mtoto mwambie akuite asikiguse. Ukikipata, niandikie kwenye komenti nipunguze hesabu. Mpaka naandika hapa hakuna aliyeniandikia.

Na wavuvi mliozoea, mwageni ujuzi hapo chini. Kunduchi mnafichaje ncha? Mbweni mnatumia nailoni gani? Nasoma zote. Matusi kwa staa nitafuta.